Kufuga kuku nyumbani kwa nyama na mayai: anza na vifaranga 30 wa chotara

Mtu akisema anataka kuku wa nyumbani tu, wa kula nyama na mayai na familia, anapewa majibu ya watu wa biashara. Anaambiwa aanze na kuku 500, banda la mamilioni, na zile hesabu za kwenye karatasi ambapo faida inaonekana kabla kifaranga hajanywa hata maji. Hapa hatuongelei hiyo. Hapa ni mtu ana kiuwanja chake nyuma ya nyumba, Chanika, Kibaha, Kihonda, popote, na anataka friji lisikose mayai na jumapili asiende kununua kuku.

Kwa mtu wa hivyo mi nashauri kitu kimoja. Nunua vifaranga 30 wa chotara (kuku wa mbegu zilizochanganywa, sio kienyeji halisi wala broila) wa siku moja, wale ambao hawajatenganishwa jike na dume. Nusu yao hivi watakuwa majogoo, hao ndo nyama yako. Nusu mitetea, hao ndo mayai. Kundi moja, banda moja, chakula kimoja mpaka wakue, basi. Ukianza kuchanganya broila huku na kuku wa mayai wa kisasa kule utajikuta una miradi miwili na mtu wa kuihudumia ni mmoja.

Mtauliza kwanini sio broila. Broila ni mzuri, wiki 5 au 6 ana kilo 2 hivi, ila wote wanafika siku moja, kwahiyo ama una friza kubwa ama una sherehe, manake ukiendelea kumuweka anakula tu hela yako na joto la Dar la Januari na Februari linamuua akiwa mzito. Kuku wa mayai wa kisasa nae anataga vizuri kweli, karibu mayai 300 kwa mwaka, lakini hana nyama na akikosa chakula sahihi siku mbili tatu anakata kutaga. Kienyeji halisi ni mtamu na mgumu kufa, ila mayai 40 mpaka 60 kwa mwaka, na kukua ni taratibu mno. Chotara yupo katikati. Wanaopatikana sana Tanzania ni Sasso, asili yake Ufaransa, na Kuroiler iliyotoka India. Kenya wana Kenbro na kienyeji walioboreshwa wa KALRO, shirika lao la utafiti wa kilimo na mifugo. Tofauti zao zipo ila kwa kuku 30 zisikuumize kichwa, chukua wale ambao wakala wao yupo karibu na wewe na ana jina la kutunza oda zake.

Hatua ya kwanza: banda kabla ya vifaranga

Usilipe oda banda likiwa bado kwenye mawazo. Kuku wakubwa wa chotara hesabu 5 kwa mita moja ya mraba, kwahiyo kwa 30 unahitaji mita 2 kwa 3. Majogoo wakishaanza kuliwa nafasi inaongezeka yenyewe.

Urefu wa banda ulale kutoka mashariki kwenda magharibi, yaani zile kuta fupi ndo zitazame jua linapochomoza na kuzama, ili jua la asubuhi na jioni lisipige ndani moja kwa moja. Ukuta wa tofali au mbao uishie kama futi 2 na nusu kutoka chini, juu yake wavu mpaka kwenye paa. Hewa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukiingia bandani macho yakawasha ujue kuku wako wanavuta hiyo hewa usiku kucha na mafua yanakuja. Mikoa ya baridi, Njombe, Mbeya, Iringa, weka viroba au turubai la kushusha usiku na kupandisha asubuhi.

Sakafu ya saruji ni bora kwasababu panya na kicheche hawachimbi, na unaosha. Kama huna uwezo, udongo ulioshindiliwa sawa, ila wavu uzame chini ya ardhi kidogo kuzunguka banda. Juu ya sakafu weka maranda ya mbao au pumba za mpunga, unene wa sentimita 5 mpaka 10. Maranda ya mbao zilizopigwa dawa usichukue, uliza fundi.

Na wavu chagua wa matundu madogo. Wale wa matundu makubwa kenge mdogo anapita, nyoka anapita, na panya anapita bila hata kuinama. Kwa vifaranga panya ni adui mbaya kushinda mwewe, anabeba mmoja mmoja kila usiku na wewe asubuhi unahesabu unasema labda nimekosea.

Hatua ya pili: bruda (sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto), hapa ndo kazi yenyewe ilipo

Wiki 3 au 4 za kwanza ndo zinaamua. Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya kumkinga, joto lake unampa wewe. Chukua hardboard au maboksi makubwa uyaunge yatengeneze duara la kipenyo cha mita 1, lisiwe na kona kwasababu vifaranga wakisikia baridi wanajazana kwenye kona wale wa chini wanakufa. Wiki ya pili tanua mpaka mita 1 na nusu, na kuendelea.

Joto la wiki ya kwanza ni nyuzi 32 mpaka 35, alafu unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Kipima joto kikiwepo vizuri, kisipokuwepo waangalie wenyewe. Wamerundikana chini ya taa wanalia, ni baridi. Wamekimbilia pembeni midomo wazi, joto limezidi. Wametawanyika wengine wanakula wengine wamelala wamejinyoosha kama wamelewa, hapo umepatia. Wote wakijazana upande mmoja tu kuna upepo unaingia, tafuta tundu uzibe.

Taa ya wati 100 ile ya zamani ya mwanga wa njano inatosha kwa vifaranga 30 sehemu nyingi. Sio LED wala energy saver, zile zinatoa mwanga tu joto hamna, na wapo watu wanafunga LED 4 alafu wanashangaa vifaranga wanakufa. Umeme wenyewe mnaujua, kwahiyo kuwe na jiko la mkaa la akiba. Mkaa uwashie nje mpaka uwe mwekundu wote na moshi uishe ndo uingize, liwekee kizuizi wasirukie, na chumba kisifungwe kabisa, hewa ya mkaa inaua vifaranga na inaua watu pia, usije ukalala nao chumba kimoja. Njia nyingine ya bei rahisi ni chungu kilichojazwa makaa kikafunikwa, kinashika joto muda mrefu.

Washa joto masaa kadhaa kabla hawajafika, wakute bruda ya moto. Wakifika wape maji kwanza, ya uvuguvugu yenye glukosi au sukari kidogo, chovya midomo ya wachache wajue maji yalipo na wenzao wataiga. Baada ya saa moja au mbili mwaga chakula juu ya karatasi au kwenye trei ya mayai. Gazeti laini tupu usitandike peke yake, wanateleza miguu inapanuka na ikishapanuka ndo imetoka hiyo. Chombo cha maji weka kokoto safi kwenye ule mfereji wasizame.

Usiku wa kwanza usilale fofofo. Amka uangalie.

Wiki ya 4 au 5 Dar na pwani wanakuwa tayari kukaa bila taa, mikoa ya baridi ongeza wiki moja mbili. Usiwatoe joto siku moja, anza kuzima mchana, baadae na usiku.

Hatua ya tatu: chanjo, na hii haina mjadala

Kuna ugonjwa mmoja unaomaliza banda zima ndani ya siku chache, kideri, wengine wanaita mdondo. Hauna dawa. Nasema tena hauna dawa, wala mwarobaini, wala shubiri, wala pilipili, wala ile antibayotiki ya jirani. Unachanja kabla, ukishaingia unahesabu waliobaki. Ratiba ya kawaida kwa vifaranga ni hii:

Siku ya 7, kideri.
Siku ya 14, gumboro, ugonjwa wa virusi unaoharibu kinga ya vifaranga.
Siku ya 21, kideri tena.
Siku ya 28, gumboro tena.
Wiki ya 6 mpaka 8, ndui, hii inachomwa kwenye bawa.
Baada ya hapo kideri kila miezi 3 maisha yote ya kuku.

Chanjo ya mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, inatolewa kule kule kiwandani kifaranga akitotolewa, we uliza tu kama wamepewa. Maeneo mengine bwana mifugo anaweza kukubadilishia siku kidogo kutokana na magonjwa ya pale, msikilize.

Sa kinachoharibu chanjo nyingi ni jinsi zinavyotolewa. Chanjo za kideri na gumboro ni virusi hai waliopunguzwa nguvu, ukiwaua njiani umewanywesha kuku maji matupu. Kwahiyo ibebe kwenye barafu kutoka dukani, sio mfuko wa suruali. Maji ya kuchanganyia yasiwe ya bomba yenye klorini, tumia ya kisima au ya mvua, au ongeza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 na nusu kwa lita. Wanyime maji saa moja au mbili waingie na kiu, alafu weka chanjo waimalize ndani ya masaa 2. Kiasi cha maji kuna kanuni rahisi, kuku 1000 wanahitaji lita nyingi sawa na umri wao wa siku, kwahiyo vifaranga 30 siku ya 7 ni robo lita inatosha, siku ya 21 ni zaidi kidogo ya nusu lita. Ukiweka ndoo nzima watakunywa robo yake, chanjo nyingine inakufa ndani ya ndoo.

Tatizo la mwenye kuku wachache ni kwamba kichupa kinakuja na dozi 100 au 200 na kuendelea na kikishafunguliwa hakikai mpaka kesho. Ongea na majirani wenye kuku, mchanje siku moja, mchangie. Na hii inakusaidia kuliko hela tu, manake kuku wa jirani asiyechanjwa ndo anakuletea kideri. Kwa wakubwa kuna ile chanjo ya tone la jicho inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) kule Kibaha, inavumilia joto kuliko nyingine, tone moja jicho moja umemaliza. Ya tone napenda zaidi kwasababu unakuwa na uhakika kila kuku kapata.

Kuku mgeni asiingie bandani moja kwa moja. Hasa wale wa zawadi, umeenda kijijini mama mkubwa kakufungia jogoo, au umebakiza mmoja wa sikukuu umemnunua mnadani. Mkalishe mbali wiki 2, umhudumie wa mwisho baada ya kuhudumia wako, mchanje, ndo aingie. Kipindi cha sikukuu kuku wanasafiri sana kwenye mabasi na magonjwa yanasafiri nao.

Hatua ya nne: chakula

Hapa ndo hela inaishia kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Vifaranga mpaka wiki ya 8, nunua stata (chakula cha kuanzia) ya dukani yenye protini asilimia 18 mpaka 20. Usijaribu kuchanganya mwenyewe hatua hii, na usiwape pumba tupu ukasema ni chotara watavumilia, watadumaa na hawatarudi. Kifaranga mmoja atakula kama kilo 2 mpaka 2 na nusu mpaka wiki hiyo ya 8, kwa 30 andaa mfuko wa kilo 50 na nyongeza ya nusu mfuko. Wiki ya 9 mpaka waanze kutaga wape chakula cha kukuzia, protini 14 mpaka 16, na hapa ndo unaweza kupunguza gharama kwa majani na kuwafungulia mchana watafute.

Chakula cha kutagia usiwape mapema ukidhani unawaharakisha. Kina chokaa nyingi na figo za kuku ambaye hajaanza kutaga zinaumia. Subiri uone yai la kwanza au vilemba vya mitetea vimekuwa vyekundu.

Wakishaanza kutaga kuku mmoja anakula gramu 120 hivi kwa siku. Ukibaki na mitetea 12 na jogoo mmoja ni kilo 1 na nusu na kidogo, kwahiyo mfuko wa kilo 50 unakaa mwezi mmoja. Kuchanganya kilo 50 kwa mwezi sio kazi ya kutisha, koleo na sakafu safi. Mchanganyiko wa kutagia wa kilo 100 ambao vitu vyake vinapatikana (kwa kilo 50 gawa kwa 2):

Mahindi yaliyoparazwa kilo 40
Pumba laini za mahindi 20
Mashudu ya alizeti 18
Dagaa 7
Chokaa ya mifugo 7
Soya iliyokaangwa ikasagwa 6
Mifupa iliyosagwa 1 na nusu
Chumvi robo kilo
Primiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wa mayai robo kilo

Inatoa protini karibu asilimia 16 na nusu. Vitu vidogo, chumvi na primiksi, changanya kwanza na pumba kilo 2 mpaka 3 ndo umwage kwenye lundo kubwa, la sivyo kuku mmoja atakula chumvi yote. Soya mbichi usiweke, ina vitu vinavyozuia kuku asitumie protini, lazima ipate moto. Mashudu ya pamba yasizidi, yakizidi kiini cha yai kinageuka rangi ya kijani chafu ukikaa nayo. Dagaa angalia mchanga, shika mkononi uvunje, wengine unanunua nusu dagaa nusu ufukwe wa ziwa. Na majogoo unaotaka kuwachinja wapunguzie dagaa wiki 2 za mwisho, nyama isinuke samaki.

Mahindi yaliyoota ukungu hayapewi kuku. Watu wana tabia hii, yameharibika kwa binadamu basi wape kuku. Ile ni sumukuvu, inaharibu ini la kuku, inashusha kutaga, na ukila hao kuku na mayai yao nawe haikuachi salama.

Nyongeza za bure zipo nyingi. Mchicha, majani ya mlonge, matembele, maganda ya papai, mabaki ya ugali ambao haujachacha. Mchwa unawavua kwa njia ya wazee, chungu kilichojazwa mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe kinafunikwa juu ya tundu la mchwa jioni, asubuhi unafunua unamwagia kuku. Maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa laini yanarudisha chokaa, ila yaponde kweli, ukiwapa nusu ganda linaloonekana ni yai watajifunza kula mayai yenyewe.

Maji kuku anakunywa karibu mara 2 ya uzito wa chakula anachokula, na siku za joto zaidi ya hapo. Maji yakikosekana nusu siku mayai yanapungua siku kadhaa. Osha chombo kila siku, kidole kikiteleza ndani yake hujaosha.

Magonjwa mengine, kwa kifupi

Kinyesi chenye damu kwa vifaranga wa wiki 3 mpaka 8 ni koksidia, dawa yake ya kawaida ni amprolium kwenye maji kwa siku zilizoandikwa, lakini chanzo chake ni maranda yaliyolowa, kwahiyo ukitoa dawa bila kubadilisha maranda utarudi dukani wiki ijayo. Vipele kwenye kilemba na macho ni ndui, mbu wanaieneza. Kuvimba uso, makamasi na harufu mbaya ni mafua makali, mtenge haraka. Shingo kupinda, kinyesi cha kijani, wanakufa wengi kwa mpigo, hicho ni kideri, piga simu kwa bwana mifugo na usiuze hata mmoja wala usiwape watu wakachinje, waliokufa choma au fukia shimo refu.

Minyoo wape dawa kila miezi 3, nayo inakwenda vizuri wiki moja kabla ya chanjo ya kideri. Utitiri na viroboto, jivu la kuni kavu kwenye beseni lenye mchanga, waache waoge wenyewe, na kagua nyufa za fito wanazolalia usiku kwa tochi, utitiri unajificha kwenye nyufa mchana.

Kila antibayotiki ina siku za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai, zimeandikwa kwenye pakiti. Soma. Familia yako ndo inayokula.

Hatua ya tano: majogoo yaanze kuliwa

Wiki ya 12 hivi utawajua wote, vilemba vyekundu, wanawika kwa kujaribu jaribu, wanapigana. Kwa chakula kizuri jogoo wa Sasso au Kuroiler anakuwa na kilo 2 kuelekea 2 na nusu kati ya wiki 12 na 16. Anza na mzito kabisa, wiki baada ya wiki, umalize kabla mitetea haijaanza kutaga, manake majogoo 14 kwa mitetea 14 ni vurugu, mitetea inanyonyoka migongo. Ukitaka mayai ya kula tu hata jogoo hahitajiki, mtetea anataga bila jogoo. Mmoja wa kubaki kwa mitetea 10 anatosha kama unapenda kusikia akiwika, na majirani wanapenda pia.

Jioni kabla ya kuchinja mtoe chakula, maji aachiwe. Utumbo ukiwa mtupu kazi ya kupasua inakuwa safi. Kama nyumbani kwako wanakuja wageni wa kila dini, muombe anayejua achinje kwa utaratibu wa kiislamu ili kila mtu ale kwa amani. Muache damu iishe kabisa.

Maji ya kunyonyolea ndo wengi wanaharibu. Yasichemke. Nyuzi 60 mpaka 65, yaani mvuke mwingi, vipovu vidogo chini ya sufuria, ukichovya kidole mara moja unatoa mwenyewe bila kuambiwa. Mzamishe kama dakika moja huku unamzungusha, vuta nyoya la bawa, likitoka kirahisi mtoe. Ukitumia yanayochemka ngozi inaiva na kuchanika na kuku anaonekana kama kapigwa.

Nyama ya chotara wa miezi 3 na nusu ni ngumu kidogo kuliko broila, mwache kwenye friji masaa kadhaa kabla ya kupika, au usiku mmoja kwenye ndimu na tangawizi. Na ile nyongo angalia isipasuke. Mmoja akishachinjwa damu na manyoya yafukie mbali na banda, vicheche wanafuata harufu.

Hatua ya sita: mayai

Chotara wanaanza kutaga wakiwa na miezi 5 mpaka 6. Viota viwepo wiki ya 18, kabla hawajahitaji, kwasababu mtetea akizoea kutagia kwenye kona ya chini kumuhamisha ni kesi. Boksi la sentimita 30 kila upande, kimoja kwa kuku 4 au 5, sehemu yenye giza kidogo, maranda safi ndani. Fito za kulala ziwe juu zaidi ya viota, la sivyo watalala viotani na mayai yote yatakuwa na kinyesi. Kila kuku anahitaji kama sentimita 20 za fito.

Mayai ya mwanzo madogo, usiogope, yanakua.

Mitetea 12 ya chotara iliyotunzwa inatoa mayai 150 mpaka 200 kila mmoja kwa mwaka, kwahiyo wewe hesabu kama trei 5 mpaka 6 na nusu kwa mwezi kwa wastani. Kuna miezi ya neema na kuna wakati wananyonyoka manyoya hawatagi, ni kawaida. Mwanga unasaidia, kuku anataka masaa 16 na kwetu jua linatoa 12 tu mwaka mzima, kwahiyo taa ndogo, hapa LED inafaa, kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 4 usiku. Sio lazima. Kama umeme wako unakatika katika, heri usiweke kabisa kuliko kuwapa leo na kesho hakuna.

Okota mara 2 au 3 kwa siku. Mayai yakikaa yanapasuka, likipasuka moja wanaonja, wakionja hawaachi. Machafu futa na kitambaa kikavu, usioshe, yai lina utando wake unaozuia vijidudu na maji yanautoa. Hifadhi upande uliochongoka ukiwa chini.

Swali la mwisho ambalo watu wanauliza hapa ni kutotolesha mayai ya chotara wako wapate vifaranga wa bure. Inawezekana kama una jogoo, ila watoto hawafanani na wazazi, mmoja mkubwa mmoja kama kienyeji, na kutaga kunashuka. Mitetea hii yenyewe hailalii mayai, ni nadra. Ukitaka kucheza na utotoleshaji fuga kienyeji mmoja pembeni, huyo mpe mayai 10 mpaka 12 na siku 21 atakuletea vifaranga na atawalea mwenyewe bila umeme wala mkaa.

Kundi lenyewe la mayai lipe mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu wa kutaga, baada ya hapo mayai yanapungua na chakula ni kilekile. Oda ya vifaranga wengine 30 iweke miezi 6 kabla ya kuwachinja hao wazee, walelewe chumba kingine kabisa, usichanganye umri. Wakati hao wapya wanaanza kutaga, wa zamani wanaingia kwenye sufuria ya supu mmoja mmoja, na maranda yote ya bandani yanatolewa yakakae lundo miezi 3 kabla ya kwenda kwenye mchicha, manake mbichi yanaunguza mizizi. Banda osha, piga dawa, liache tupu wiki 2, ndo wapya wahamie.